WALIMWAMBIA HATATEMBEA, AKAJA KUWA WAZIRI WA AFYA (Sehemu ya 6)



Basi la Iringa likishapita Doma, watoto wote wanahamia dirishani kuhesabu swala na twiga. Ni Hifadhi ya Mikumi hiyo, iliyoanzishwa 1964. Miaka ya 1970 mkurugenzi wa hifadhi zetu za taifa alikuwa mzee anayetembelea fimbo, Derek Bryceson. Leo namleta huyu kwa sababu wazazi kadhaa hapa Kilosa mmeniuliza kuhusu watoto wenye shida ya miguu.

Bryceson alizaliwa China mwaka 1922, wazazi wake Waingereza. Vita Kuu ya Pili ikamkuta kijana, akawa rubani wa ndege za kivita. Ndege yake ikatunguliwa, uti wa mgongo ukaumia vibaya, madaktari wakamwambia hatatembea tena. Alijikongoja hivyo hivyo mpaka akasimama, kwa fimbo. Baadaye akaja Afrika Mashariki kulima, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akapata shamba Kilimanjaro Magharibi.

Sasa siasa. Uchaguzi wa 1958 ulikuwa na sharti gumu: kila mpiga kura lazima achague watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU ilikutana Tabora, Mwalimu Nyerere akawashawishi wenzake waingie hivyo hivyo. Bryceson akawa mmoja wa Wazungu waliopita kwa kuungwa mkono na TANU. Tulipopata uhuru 1961, alikuwa Waziri wa Afya na Kazi. Baadaye akashika Kilimo.

Lakini mtu anaweza kusema: 1958 watu walilazimishwa kumchagua Mzungu. Sawa. Njoo 1965. Sharti lile halipo tena, karibu kila jimbo lina wagombea wawili wa TANU, mwananchi achague amtakaye. Bryceson akasimama Dar es Salaam dhidi ya Mwafrika, akashinda. Safari hii hakuna aliyelazimishwa. Watu walimwona rangi yake, wakaiona na fimbo yake, wakampa kura.

Alifariki 1980 kwa saratani. Mke wake alikuwa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe.

Mama, Bryceson alikuwa na nafasi ambayo wengi wetu hatuna: elimu, shamba, matibabu. Ndiyo maana mtoto wako anahitaji kuanza mapema. Akifika miezi 9 hajakaa mwenyewe, au miezi 18 hajatembea, usisubiri, na usimfiche ndani kwa kuogopa maneno ya majirani. Mlete kliniki tumwangalie. Mazoezi ya viungo yanasaidia sana yakianza mtoto akiwa mdogo. Na hata kama atatembelea fimbo, mpeleke shule kama wenzake.

Sehemu ya 7 inakuja. Maswali tupia hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.