Pingili: tofauti si kasoro

Pingili za muwa hazilingani, wala hakuna anayeuita muwa huo mgonjwa. Kwa nini basi pingili za shingo zikitofautiana tunakimbilia neno kasoro? Binadamu, kama twiga, ana pingili saba za shingo, lakini hazifanani kwa watu wote. Ateri inayopanda ubongoni kwa kawaida huingia kwenye tundu la pingili ya sita. Kwa wengine huanzia ya tano au ya saba. Wapo wenye ubavu mdogo uliochomoza kwenye pingili ya saba, na wengi wao hauwaumizi kamwe. Itasemwa kwamba ubavu huo huweza kubana neva za mkono. Kweli, na hapo mtu atibiwe. Lakini kinachotibiwa ni ule mbano. Kwenye majibu ya eksirei iandikwe tofauti ya kimaumbile, mtu asirudi nyumbani na hofu bure.