Chuck Norris na dawa iliyokataa kutoka mwilini

Wazazi wetu wengi walimjua Chuck Norris kabla ya kuijua Texas. Walimwona kwenye vibanda vya video, Dar, Nairobi au Goma, akiangusha watu kumi peke yake. Wakaja huku, wakakuta kumbe ile tamthilia yake, Walker, Texas Ranger (1993 hadi 2001), ilirekodiwa papa hapa Dallas na Fort Worth. Mnashangaa anahusikaje na hospitali? Subirini kidogo. Lazima turudi nyuma kwanza.

Novemba 1895, huko Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua eksirei. Mifupa ikaonekana bila kisu. Lakini mishipa ya damu na ini havikuonekana vizuri, kwa hiyo madaktari wakaanza kutafuta kitu cha kumchoma mgonjwa ili picha ing'ae. Kitu hicho ndicho kontrasti.

Miaka ya 1930 ikaja Thorotrast. Picha zake zilikuwa safi sana, na mgonjwa alikwenda zake nyumbani bila kuhisi lolote. Shida ni kwamba ndani yake mlikuwa na thori, madini yenye mnururisho, na mwili hauna njia ya kuyatoa. Yalijificha kwenye ini, wengu na uboho, yakichoma taratibu mwaka baada ya mwaka. Saratani ya ini ilianza kuonekana miaka 20 au 30 baadaye. Dawa iliachwa miaka ya 1950, ila waliokwisha kuchomwa walibaki nayo hadi kaburini.

Halafu ikaja MRI, ambayo haitumii mnururisho bali sumaku. Kontrasti yake ni gadolini, na ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 1988. Gadolini ikiwa peke yake ni sumu, kwa sababu ukubwa wake unakaribiana na wa kalisi na inaweza kuvuruga kazi za kalisi mwilini. Kwa hiyo wanakemia huifungia ndani ya molekuli nyingine, kama kuku kizimbani. Figo zikiwa nzima, sehemu kubwa hutoka na mkojo ndani ya saa 24.

Na figo zikiwa mbovu je? Mwaka 2006 daktari mmoja wa Austria aliihusisha gadolini na ugonjwa mpya uliokuwa ukiwakakamaza ngozi na viungo wagonjwa wa figo. Mwaka 2007 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikaagiza onyo kali kuwekwa kwenye dawa hizi. Jambo hili linatugusa sisi moja kwa moja. Kisukari na presha ndizo sababu kuu za figo kufeli hapa Marekani, na nani kati yetu hana shangazi au babu mwenye kimoja kati ya hivyo?

Kisha 2014, Tomonori Kanda na wenzake huko Japani wakachapisha jambo jingine: watu waliochomwa mara nyingi walionyesha sehemu za ubongo zinazong'aa hata katika picha zisizo na kontrasti mpya. Yaani kuna iliyobaki. Ikaja kufahamika kwamba umbo la kizimba lina maana. Kizimba cha mnyororo huachia gadolini kirahisi zaidi, cha pete huishika vizuri. Hata jirani zetu wamo kwenye kazi hii: A. Dean Sherry wa UT Dallas, kule Richardson, alitumia miongo mizima akichunguza kemia ya vizimba hivi.

Sasa Chuck. Novemba 2017, yeye na mkewe Gena, wenye ranchi Navasota, kaskazini-magharibi ya Houston, walizishtaki kampuni kadhaa za dawa. Walidai kwamba gadolini ya vipimo vya MRI ilimharibia Gena afya. Mwezi uliofuata FDA ikaagiza onyo jipya: gadolini inaweza kubaki mwilini miezi hadi miaka, ingawa haijathibitika kuwadhuru wenye figo nzima, na faida ya kipimo bado ni kubwa kuliko hatari. Ulaya walikuwa wakali zaidi, wakasimamisha nyingi za mnyororo. Kesi yenyewe iliondolewa Januari 2020 bila mahakama kuamua nani mkweli.

Kwa hiyo, siku mama akiitwa kwa MRI, usimtishe wala usimkataze. Muulizeni daktari: kontrasti inahitajika kweli? Ni ya pete au ya mnyororo? Figo zimepimwa? FDA pia iliagiza karatasi maalum ya maelezo kwa mgonjwa, iombeni. Na mkalimani ni haki yake, bila malipo. Mdogo wako wa miaka 12 hapaswi kusimama pale akitafuta Kiswahili cha "figo", wakati sheria yenyewe inazuia hospitali kumtegemea mtoto kutafsiri isipokuwa kwa dharura.