Kabeja Alitoka Wapi?

Kigwa alishuka kutoka mbinguni. Bibi yangu alianza hivyo kila mara, na hakuwa mtu wa kusimama njiani kueleza. Huko juu kulikuwa na ufalme wa Shyerezo, ambaye wengine humwita Nkuba, radi yenyewe. Mkewe Gasani hakujaliwa mtoto. Moyo wa ng'ombe wa uaguzi ukatiwa ndani ya chombo cha maziwa, maziwa yakawa yanaongezwa muda wa miezi tisa, na humo akatoka mtoto wa kiume, Sabizeze. Alipokua akasikia namna alivyopatikana, akakasirika, akahama kwao pamoja na dada yake Nyampundu na ndugu yao Mututsi. Walishuka na ng'ombe, kondoo, mbuzi na kuku, dume na jike, wakatua Mubari, upande wa mashariki karibu na mto Akagera. Watu wa chini wakawaita Ibimanuka, walioshuka, na Sabizeze akawa Kigwa. Kwake yeye, Abanyiginya, ukoo uliotawala Rwanda mpaka ufalme ulipofutwa mwaka 1961, wanapata chimbuko lao.

Mimi nafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Kigali. Nyumba yangu iko Muhima, kwenye mteremko unaotoka mjini kwenda kituo cha mabasi cha Nyabugogo, mahali ambapo Kinyarwanda na Kiswahili vinapishana kwenye kila duka la vipuri. Tukifika kwenye mada ya asili ya uhai, hakosekani mwanafunzi wa kuuliza: mwalimu, ni kweli uhai uliletwa duniani kutoka anga za juu? Swali ni la kisayansi na nalipenda. Lakini katika nchi hii swali la nani alitoka wapi limeua watu. Kwa hiyo sianzi na vimondo, naanza na Kigwa.

Padri Alexis Kagame, aliyekusanya masimulizi ya ikulu kuliko mtu mwingine yeyote na kuyachapa katika Inganji Karinga miaka ya 1940, aliwapanga Ibimanuka kwa zamu: Kigwa, Kimanuka, Kijuru, Kobo na wenzao, mpaka kumfikia Gihanga, ambaye kwa hesabu yake alitawala mwishoni mwa karne ya 11. Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya ufalme wa Abanyiginya, hakuikubali hesabu hiyo. Yeye aliona ufalme huo ulianzishwa na Ndori katika karne ya 17, na wale wa mbinguni aliwaacha kwenye hadithi. Nami namuunga mkono Vansina. Hata hivyo namheshimu Kagame, kwa sababu bila kalamu yake sehemu kubwa ya maneno ya wazee ingezikwa pamoja nao.

Madhara hayakutokana na bibi zetu kusimulia jioni. Yalikuja pale wageni walipoibadilisha ramani ya safari. John Hanning Speke, ambaye hakukanyaga Rwanda, aliandika mwaka 1863 kwamba watawala wafugaji wa ukanda huu walikuja kutoka Ethiopia, watu wa asili tofauti na wakulima waliowatawala. Maofisa wa kikoloni na wamisionari wakayachukua mawazo hayo, wakayaingiza shuleni. Miaka ya 1930 Wabelgiji wakagawa vitambulisho vyenye kabila la kila mtu. Mbingu ya Kigwa ikageuzwa kuwa nchi ya kigeni, na Mtutsi aliyezaliwa hapa, kwa wazazi waliozaliwa hapa, akawa mhamiaji kwenye karatasi. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano na kusema Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mto Nyabugogo, unaopita hapa chini ya Muhima, unamwaga maji yake Nyabarongo. Nyabarongo unaingia Akagera, na Akagera unaishia Ziwa Victoria. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, wavuvi wa Uganda na Tanzania waliopoa miili ziwani. Nikiwaeleza hayo wanafunzi wangu, ambao wote wamezaliwa baadaye, huwa nasimama kidogo kabla ya kuendelea.

Sasa kuna jambo ambalo bibi hakulificha, na waliotumia hadithi hii kwa ubaya walilipita. Kigwa alipotua Mubari alikuta watu. Alimkuta Kabeja, mkuu wa Abazigaba, ana nchi yake. Abazigaba, pamoja na Abagesera na Abasinga, huitwa abasangwabutaka, wale waliokutwa kwenye ardhi. Hadithi yenyewe ya kushuka inakiri kwamba waliokuwa chini walitangulia. Na ukienda leo kuwatafuta Abazigaba ni akina nani, utawakuta Wahutu, Watutsi na Watwa ndani ya ukoo mmoja. Hadithi ya Kigwa ilikuwa inahalalisha kiti cha enzi. Kueleza watu walitokea wapi haikuwa kazi yake. Mwaka mmoja msichana wa dawati la mbele aliniuliza, bila kupepesa macho, "Na huyo Kabeja, yeye alitoka wapi?" Tangu siku hiyo sijapata swali bora zaidi la kufungulia mada.

Kwa maana wanasayansi waliosema uhai ulitoka angani walikwama papo hapo. Mwaka 1871 Lord Kelvin aliwaambia wenzake mjini Edinburgh kwamba huenda vimondo vilibeba mbegu za uhai kutoka dunia nyingine zilizovunjika. Mwanzoni mwa karne ya 20 Svante Arrhenius wa Sweden akasema spora ndogo mno zinaweza kusukumwa na nguvu ya mwanga toka nyota hadi nyota. Mwaka 1973 Francis Crick na Leslie Orgel wakaenda mbali zaidi: labda kuna viumbe wenye akili waliozituma kwa makusudi. Mawazo makubwa, lakini kila mmoja analisogeza swali mahali pengine. Kama uhai ulishuka, huko ulikotoka ulianzaje?

Ushahidi wenyewe, ule wa kushikika, umepita karibu na sisi kuliko watu wengi wanavyojua. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, kusini mwa Tanganyika, karibu na Ziwa Rukwa. Watanzania wengi watakutajia kile cha Mbozi, tani 16 za chuma, ambacho wanafunzi hupigia picha wakiwa wamekipanda. Cha Ivuna kilikuwa na uzito wa gramu 700 hivi tu. Ni cheusi, laini, chenye kaboni, na karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya madini. Ukiondoa gesi nyepesi, mchanganyiko wake unalingana na ule wa Jua, kwa kuwa ni masalia ya vumbi la kwanza la mfumo wetu, miaka bilioni 4.5 na ushei iliyopita. Kundi zima la vimondo vya namna hiyo, ambavyo ni vichache sana, huandikwa CI duniani kote, na I hiyo ni Ivuna.

Mwaka 1961 George Claus na Bartholomew Nagy waliandika katika jarida la Nature kwamba kwa hadubini wameona ndani ya Ivuna, na ndani ya kimondo cha Orgueil kilichoanguka Ufaransa mwaka 1864, vitu vidogo vinavyofanana na visukuku vya mwani. Kishindo kilikuwa kikubwa. Edward Anders na Frank Fitch wa Chicago wakavichunguza, wakakuta baadhi ni chavua ya magugu ya hapahapa duniani na majivu ya tanuri. Kipande kimoja cha Orgueil kiligundulika mwaka 1964 kuwa kilitiwa mbegu za mmea na kugandishwa kwa gundi, udanganyifu wa mtu wa karne iliyotangulia. Darasani nalikazia sana tukio hili, maana watu walikuwa na hamu ya kuona asili fulani, wakaiona.

Kilichobaki baada ya aibu hiyo kina thamani kubwa zaidi. Mwaka 2001 Pascale Ehrenfreund na wenzake walitangaza kwamba ndani ya Ivuna na Orgueil kuna asidi amino, hasa glisini na beta-alanini. Kimondo cha Murchison cha Australia, kilichoanguka 1969, kimetoa aina zaidi ya 70. Desemba 2020 chombo cha Hayabusa2 kililetea Japani gramu 5.4 za asteroidi Ryugu, zisizoguswa na mvua wala vidole, na zikafanana na Ivuna. Ndani yake kukapatikana urasili, moja ya herufi za RNA. Mchanga wa asteroidi Bennu, kwa taarifa za mwaka 2025, una asidi amino 14 kati ya zile 20 zinazotumiwa na miili yetu. Hakuna aliyepata kiumbe. Kilichoshuka ni vifaa vya ujenzi, na vilishuka kwa wote: glisini haikuwa na ukoo wa kifalme, iko katika maziwa ya ng'ombe na katika misuli ya kila mtu aliyewahi kuandikwa chochote kwenye kitambulisho. Najua bakteria aina ya Deinococcus walikaa miaka mitatu nje ya kituo cha anga za juu, na wale wa katikati ya rundo nene walitoka hai. Safari inawezekana. Lakini mwenyeji lazima awepo mahali fulani.

Namtafuta Kabeja majini. Miamba ya Australia ina alama za vijidudu vya miaka karibu bilioni 3.5 iliyopita, wakati hewa haikuwa na oksijeni. Sisi tuna Ziwa Kivu, kina chake mita 485, ambalo sehemu yake ya chini haina oksijeni hata kidogo. Humo wanaishi vijidudu wa ukoo wa kale mno, wanaochukua kaboni dayoksaidi inayopanda kutoka kwenye volkano na kuigeuza methani. Gesi hiyo imejikusanya kufikia kilomita za ujazo 60 hivi. Tangu mwaka 2016 mtambo ulioko Karongi unaivuta na kuichoma, megawati 26, na umeme wake unaingia kwenye gridi ileile inayowasha Muhima. Mwaka huu nataka darasa langu liende Karongi, na yule msichana wa dawati la mbele, ambaye sasa anasomea kemia chuo kikuu, ameahidi kuja nasi.