Swabu Haifiki Huko

Mei 2020 foleni ya malori pale Malaba ilinyooka makumi ya kilomita kuelekea Bungoma. Madereva walipika chini ya trela, wakalala chini ya trela, wakingoja kitu kimoja tu: karatasi ya majibu ya korona. Kenya ilikuwa imetangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi, Uganda tarehe 21. Kufikia Aprili, Kampala ilikuwa inasoma takwimu zake huku madereva wa malori wakihesabiwa kando, na ghafla neno dereva likawa kama jina la ugonjwa. Waliokuwa wakiwauzia chai na chapati hawahitaji kusimuliwa kilichofuata.

Sampuli nyingi za upande wetu zilipelekwa Alupe, kwenye maabara ya KEMRI, kilomita chache kutoka mjini Busia. Swabu inaingia puani, inazungushwa, inatoka, inafungiwa kwenye kichupa. Mashine inatafuta jeni za virusi na jibu linakuja: unavyo au huna. Kwa kazi ya kufungua na kufunga geti la mpaka, jibu hilo linatosha. Shida ni kwamba kuna virusi ambavyo huvunja mlango tu, na mwizi mwenyewe huingia baadaye. Mwizi huyo anaitwa kuvu, na mara nyingi hakuna njia ya kumtambua ila kukata kipande cha nyama ya mgonjwa na kukitazama.

Alupe yenyewe ina historia ya kutazama nyama. Wataje wazee wa Teso jina hilo na wengi watakujibu kwa neno moja: ukoma. Kabla KEMRI haijaundwa mwaka 1979, pale palikuwa na kituo cha utafiti wa ukoma cha Afrika Mashariki nzima, kilichopewa jina la John Lowe, daktari Mwingereza wa ukoma. Kupima ukoma ni kazi ya mikono. Unachanja kidogo ndela ya sikio, unakwangua majimaji, unayapaka kwenye kioo, unatia rangi, kisha unatafuta vijiti vyekundu chini ya hadubini, vilevile alivyoviona Hansen kule Norway mwaka 1873 (ingawa yeye hakuwa na rangi hiyo). Hakuna mashine ya kukuambia ndiyo au hapana. Kuna jicho lako na subira yako.

Ng'ambo ya mpaka nako kulikuwa na shule ya jicho. Mwaka 1962 Michael Hutt alifika Makerere kuwa profesa wa patholojia, na chini yake hospitali za mashambani Uganda ziliweza kutuma vipande vya nyama Kampala kwa posta, bila malipo. Fikiria hilo kidogo. Daktari wa wilaya anakata uvimbe, anautia kwenye chupa ya fomalini, anaukabidhi kwa posta, kisha anangoja barua. Ramani za saratani za Afrika Mashariki zilichorwa hivyo, chupa kwa chupa.

Na si saratani tu iliyokuwa ndani ya chupa. Denis Burkitt, yule daktari wa upasuaji aliyeipa dunia jina la saratani ya taya za watoto, mwaka 1964 aliandika pamoja na Wilson na Jelliffe kuhusu wagonjwa 31 wa Uganda waliokuwa na uvimbe mgumu chini ya ngozi. Ukiugusa unaweza kudhani ni saratani. Ukikata na kutazama unakuta nyuzi nene za kuvu. Mtoto anayedhaniwa ana saratani anaweza kuishia kwenye meza ya upasuaji, au nyumbani akingoja kufa. Mwenye kuvu hiyo alipewa dawa ya bei nafuu ya kunywa, potasiamu ayodaidi. Tofauti kati yao ni kipande cha nyama na mtu wa kukisoma.

Sasa rudi kwenye virusi. Juni 2021 aina ya Delta ilikuwa imeshaingia Kisumu, na serikali ikakaza masharti katika kaunti 13 za magharibi na ukanda wa ziwa, Busia na Bungoma zikiwemo. Kafyu ilianza saa moja jioni. Wakati huohuo simu zetu zilijaa picha kutoka India: watu waliopona korona, jicho limevimba, uso umeoza nusu. WhatsApp ikaiita kuvu nyeusi na kila mtu akawa mtaalamu. India ilihesabu zaidi ya wagonjwa 40,000 mwaka huo.

Jina lake la kitabibu ni mukomaikosisi, na tuseme ukweli, kuvu yenyewe mwilini si nyeusi. Weusi ule ni nyama iliyokufa. Kuvu hii hupenda mishipa ya damu; inaingia ndani ya mshipa, inauziba, na kila kilichokuwa kinalishwa na mshipa huo kinakufa. Mbegu zake zimo kila mahali, kwenye udongo, kwenye mkate uliokaa. Mimi na wewe tunazivuta kila siku na hatufi. Lakini chukua mtu mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mpe korona, kisha mpe steroidi. Juni 2020 utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni inaokoa maisha ya wagonjwa wa korona wanaohitaji oksijeni. Dawa nzuri, rahisi, inapatikana. Ila inapandisha sukari na kulaza kinga, na ikitumiwa ovyo, bila kipimo cha sukari, unamwandalia kuvu meza.

Unaijuaje? Kipimo cha damu kinachonasa kuvu nyingine kwa sukari ya ukuta wao hakiinasi hii. Kuiotesha maabara nako ni bahati nasibu, kwa sababu nyuzi zake ni laini; fundi wa maabara akisaga nyama kama alivyozoea, ameshaiua. Inabaki nyama chini ya hadubini. Nyuzi pana kama utepe, zisizo na vigawanyo vingi, zinazopinda na kuchipuza karibu pembe mraba: hiyo ni mukomaikosisi. Nyuzi nyembamba zenye vigawanyo, zikichipuza kama uma wa njia: hapo unamshuku aspajilasi. Na hili si suala la kupendezesha ripoti. Flukonazoli, dawa ya kuvu iliyozoeleka zaidi katika hospitali zetu, haifanyi kitu kwa mukomaikosisi. Inahitajika amfoterisini, ambayo inaumiza figo, pamoja na kisu cha kuondoa nyama iliyokufa. Ukikosea jina umempa mgonjwa siku kadhaa za dawa bure, na kuvu hii hula jicho kwa siku kadhaa.

Rangi inayosaidia zaidi kuiona ina hadithi yake. Mwaka 1955 Grocott, aliyekuwa akifanya kazi Panama, alirekebisha mbinu ya zamani ya madini ya fedha ili kuvu ionekane. Ni kemia ileile ya picha za zamani za filamu: fedha inang'ang'ania ukuta wa kuvu na kuugeuza mweusi, nyuma yake kukiwa kijani. (Kwa hiyo kuvu nyeusi ipo kweli, ila kwenye kioo.) Panama hiyohiyo, nusu karne kabla, Samuel Darling alipasua maiti ya kibarua kutoka Martinique aliyedhaniwa ameuawa na kifua kikuu. Akakuta vijidudu vidogo ndani ya seli, akaviita histoplasma, akaamini ni jamaa ya vimelea vya leishmania. Vilikuwa kuvu. Njia kuu ya biashara, vibarua kutoka mbali, kifua kinachoitwa TB bila kuhakikishwa. Mtu wa Malaba hapati shida kuielewa Panama.

Maana barabara yetu ilikutana na virusi vikubwa zaidi zamani. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda waliandika kuhusu ugonjwa wa kukonda kule Rakai, na UKIMWI ukapanda na kushuka na malori kutoka Mombasa hadi Kampala na kwingineko. Waliokufa wakishika kichwa, shingo ngumu, wakiongea na watu wasiokuwepo, wengi wao walikuwa na kuvu ya ubongo, kriptokokasi. Kuvu hiyo nayo ilijulikana kwanza kwenye nyama: mwaka 1894 Otto Busse aliikuta katika mfupa wa mguu wa mwanamke, Ujerumani. Hospitali zikaitafuta kwenye maji ya uti wa mgongo kwa tone la wino mweusi; wino unajaa kote isipokuwa kwenye kuvu, inayobaki na duara jeupe kama mwezi.

Kisha mambo yakabadilika. Tangu 2011 kuna kikaratasi cha kupimia kriptokokasi, mfano wa kile cha mimba: tone la damu, dakika 10 hivi, mistari miwili. Utafiti uliofanyika Kampala, Mbarara na Cape Town ulitoa jibu mwaka 2014 ambalo wengi hawakulitarajia: wagonjwa wa kuvu hii walioanzishiwa ARV ndani ya wiki 2 walikufa zaidi kuliko waliosubiri wiki 5 hivi. Yaani kujua kwamba kuvu ipo hubadilisha hata siku ya kuanza dawa ya virusi.

Mukomaikosisi haina kikaratasi hicho. Histoplasma inacho cha mkojo, lakini ukikisikia kinatajwa wodini huku kwetu, niambie. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari, Oktoba 2022, kriptokokasi aliwekwa daraja la juu kabisa na hao wawili daraja linalofuata.

Kwa hiyo tumerudi kwenye chupa ya posta, ingawa siku hizi inasafiri kwa matatu au kampuni ya vifurushi kwenda Kisumu, Eldoret au Nairobi. Kuna jambo dogo ambalo kila anayekata nyama anatakiwa kulijua. Fomalini huhifadhi umbo na kuua kila kilicho hai, kwa hiyo kipande chote kikitiwa humo, kuvu itaonekana lakini haitaota tena, na aina yake kamili itakuwa ngumu kujulikana. Kipande hukatwa mara mbili. Nusu kwenye fomalini kwa ajili ya hadubini, nusu kwenye maji ya chumvi, na juu ya fomu inaandikwa wazi kwamba kuvu inashukiwa, ili atakayeipokea huko mbele asiisage.