Vijiti 110 vya Lontulu

Ndugu wasikilizaji, hasa ninyi mulio kambini, mara nyingi munaniuliza: kila mwezi tunahesabiwa, karatasi hizo zinaenda wapi? Swali hilo ni la zamani katika inchi yetu.

Mwishoni mwa miaka ya 1890, karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, Edmund Morel, alikuwa akikagua hesabu za mizigo katika bandari ya Antwerp. Meli za Kongo zilifika zimejaa mpira na pembe za ndovu. Zikirudi, zilibeba zaidi bunduki na risasi. Bidhaa za kuwalipa wavunaji hazikuwamo. Akaelewa kwamba mpira ule unavunwa kwa nguvu. Mwaka 1901 aliacha kazi, akaanza kuandika.

Mwezi wa 5 mwaka 1903 Bunge la Uingereza lilijadili jambo hilo, na konsul Roger Casement akapanda mto kujionea. Ripoti yake ilitoka mwaka 1904. Mwaka huohuo Morel na wenzake waliunda chama cha kutetea Kongo. Huko Baringa, mmisionari Alice Harris alimpiga picha Nsala, ameketi mbele ya mkono na mguu wa binti yake mdogo. Picha hizo zilionyeshwa ukutani makanisani, na walioziona wakawasumbua wabunge wao.

Tusimfanye Morel malaika. Nyuma yake walikuwako pia wafanyabiashara wa Liverpool waliotaka Kongo ifunguliwe kwa biashara yao. Leopold naye alikuwa na ofisi ya siri ya kulipa magazeti yamsifu.

Kelele zilipozidi, Leopold mwenyewe alituma wanasheria watatu kuchunguza, akitumaini watamsafisha. Mbele yao alifika chifu Lontulu wa Bolima na vijiti 110. Aliviweka mezani kimoja kimoja: kila kijiti mtu wake mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Hakuwa na gazeti wala kamera, lakini hesabu yake ilikuwa kamili, na majina aliyajua.

Ripoti ya wanasheria, mwaka 1905, ilikubali kwamba maovu yalifanyika. Mwaka 1908 Leopold aliachia Kongo, lakini aliikabidhi kwa Ubelgiji, si kwa wenyewe.

Na ushuhuda wa akina Lontulu? Haukuchapishwa pamoja na ripoti. Ulifungiwa Brussels, na watafiti hawakuruhusiwa kuusoma kwa uhuru hadi miaka ya 1980.