Tuzo na Bei: Jeshi la Marekani katika Viwanja vya Michezo

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Katika ngoma za pwani yetu, kutunza ni tendo la hadharani: mtunzaji hujitokeza mbele ya watu, akatoa chake kwa mkono wake, na kila aliyepo akajua nani katoa na kampa nani. Makala haya yanakusudia kuutumia msemo huo kuchunguza jambo lililozua mjadala mkubwa nchini Marekani, yaani kutumia fedha za umma katika michezo na maonyesho ili kuwavuta vijana waingie jeshini.

Uhusiano wa jeshi na burudani si mgeni kwetu. Beni, ngoma iliyochipuka katika pwani ya Kenya miaka ya 1890, iliiga bendi na gwaride la kijeshi. Kama alivyoeleza Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975, vyama vya beni vilikuwa na vyeo, sare na ushindani mkali, mathalani ule wa Marini na Arinoti. Hata hivyo, wachezaji hao hawakuwa mawakala wa kuandikisha askari. Waliliazima umbo la gwaride wakalitia maana yao wenyewe, ya kushindania heshima mjini.

Huko Marekani jeshi lenyewe ndilo lililoingia uwanjani. Tangu mwaka 1946 jeshi la wanamaji lilikuwa na kikosi cha maonyesho ya ndege, Blue Angels. Lakini haja ya kuvutia ilizidi mwaka 1973, serikali ilipoacha kuwaandikisha vijana kwa lazima. Tangu hapo ilibidi kijana abembelezwe. Mwaka 2002 jeshi la nchi kavu lilitoa mchezo wa kompyuta uitwao America's Army, ukagawiwa bure hadi ulipofungwa mwaka 2022.

Matokeo ya ubembelezaji huo hayakuwa rahisi kupimwa. Mwaka 2012 Walinzi wa Taifa walitumia dola milioni 26.5 kudhamini mashindano ya magari ya NASCAR. Kwa mujibu wa takwimu zilizojadiliwa katika Senati mwaka 2014, watu wapatao 24,800 walionyesha nia kwa sababu ya udhamini huo. 20 tu ndio waliotimiza masharti, na hakuna hata mmoja aliyejiunga. Watetezi walisema kwamba faida ya tangazo ni kulijulisha jina, wala haihesabiwi kwa vichwa. Hoja hiyo ina uzito wake, ingawa ni hoja isiyoweza kukanushwa kwa hesabu yoyote. Mwaka huohuo wa 2014 Walinzi wa Taifa walitangaza kuuacha udhamini huo.

Suala la ndani zaidi lilijitokeza Novemba 2015. Mwezi huo maseneta John McCain na Jeff Flake walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba mikataba yenye thamani ya dola milioni 6.8 ilihusu uzalendo wa kulipiwa. Bendera kubwa zilizotandazwa uwanjani, salamu kwa mashujaa wa mji, na viapo vya askari wapya mbele ya mashabiki, vyote viliuzwa na timu kwa Wizara ya Ulinzi. McCain, aliyekuwa mwanamaji na mateka wa vita vya Vietnam, hakuwa adui wa askari. Wala ripoti haikulaani kila tangazo la kuandikisha. Wizara ilipiga marufuku malipo ya namna hiyo, na mwaka 2016 ligi ya NFL ikaahidi kurudisha zaidi ya dola 720,000.

Fedha hizo ni ndogo zikilinganishwa na bajeti ya jeshi lile. Basi kosa lilikuwa wapi? Twaona kwamba lilikuwa katika maana. Tangazo hujitangaza kuwa tangazo, na msikilizaji hujihadhari nalo. Salamu iliyonunuliwa hujivika joho la tuzo. Mashabiki waliosimama na kupiga makofi waliamini kwamba timu yao inatoa chake, kumbe walikuwa wakionyeshwa bidhaa iliyolipiwa kwa kodi yao wenyewe. Na kijana aliyekuwa miongoni mwao, akipima kama aende vitani, alipimia mizani iliyowekewa kidole.

Askari anastahili kutunzwa. Ila tuzo ikishakuwa na bei, hubadilika jina. Nasi tulio wanafunzi wa lugha hatuna budi kuliita jambo hilo kwa jina lake.