Taa ya akwariumu ya samaki wa Tanganyika: wati chache zinatosha

Mtu wa Uvira, Baraka ao Kalemie akitaka kuweka akwariumu ndogo nyumbani, anauliza: ninunue taa gani? Akitafuta kwenye intaneti anaonyeshwa taa kali za buluu, za bei ya juu. Zile zilitengenezwa juu ya matumbawe ya baharini, si juu ya samaki wa ziwa letu.

Tofauti iko wapi?

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya mwili wake kunaishi miani midogo sana isiyoonekana kwa macho. Miani hiyo inatumia mwangaza kutengeneza chakula, na tumbawe linaishi kwa sehemu kubwa ya chakula hicho. Taa ikiwa dhaifu siku nyingi, tumbawe linadhoofika na kufa. Samaki hawako vile: chakula unawapa wewe, mwangaza kwao ni mchana tu. Ukiwawekea taa kali, wanajificha, na vioo vinajaa utando wa kijani.

Angalia samaki wako

Ziwa Tanganyika liko na kina cha mita 1.470 hivi, na mwangaza unapungua kadiri unavyoshuka.

- Tropheus anaishi kwenye mawe karibu na uso wa maji, anakwangua miani. Huyu anafaa mwangaza wa kutosha.
- Lamprologus ocellatus anakaa kwenye mchanga, ndani ya makombe matupu ya konokono. Taa ya kadiri inamtosha.
- Frontosa anaishi chini zaidi. Mpe mwangaza hafifu.

Ya kununua

Kwa akwariumu ya urefu wa sentimita 60, chukua taa nyeupe ya LED ya wati 5 hadi 10, iliyoandikwa 6.500 K. Iwake saa 8 hadi 10 kwa siku, usiku uizime. Usiweke akwariumu penye jua la dirisha: maji machache yanapata moto upesi, na samaki hawa wanapenda digri 24 hadi 27.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo hesabu iko na maana. Betri ndogo ya volti 12 na Ah 7 inashika Wh 84. Taa ya wati 10 ikiwaka saa 8 inakula 80, karibu yote, na betri ya asidi ikimalizwa kila siku inakufa mbio. Taa ya wati 5 inakula 40 tu.

Lakini pampu ya hewa ndiyo ya kwanza. Pampu ya wati 2 inaweza kutembea saa 20 kwa nusu ya betri ile. Kwa hiyo umeme ukienda, zima taa, acha pampu. Samaki wanavumilia giza siku nzima. Hewa ikiisha ndani ya maji, wanaweza kufa kwa saa chache.

Usalama

Acha waya ushuke chini ya prizi kabla ya kupanda, ili tone la maji lisiufuate mpaka ndani. Na chomoa taa kabla ya kuingiza mkono majini.